Matone na kipira cha maji: sikio langu lilivyozibuka

Sikio la kulia liliziba nikiwa naoga. Nikatikisa kichwa, nikaruka kwa mguu mmoja kama mtoto, wapi! Tangu hapo nikitafuna nasikia taya zangu kwa ndani, na mtu akiniita upande ule mpaka arudie mara tatu.

Kosa langu mwenyewe. Miaka yote nimechokonoa kwa vijiti vya pamba, nikiona njano kwenye pamba najipongeza. Daktari alipochungulia kwa kile kitochi chake aliniambia nilikuwa nashindilia nta ndani kama baruti kwenye gobori. Kilichonifaa zaidi ni kuambiwa ngoma ya sikio ni nzima. Ingekuwa imetoboka, matone na maji yangekuwa marufuku.

Pakiti niliyonunua ina chupa ya kabamaidi peroksaidi asilimia 6.5, dawa ya kulainisha nta, na kipira cha kufinya. Unalala ubavu, unadondosha matone 5, asubuhi na jioni, isizidi siku 4. Ndani panachachatika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Inatekenya, haiumi.

Siku ya pili nikawa kiziwi kabisa upande ule. Nta imelowa, imevimba, na karatasi ya maelezo haikutaja hilo hata kwa neno moja! Nilikaribia kuitupa chupa.

Siku ya nne nikajaza kipira maji ya bombani, ya baridi. Chumba kikazunguka, nikang'ang'ania sinki. Kumbe maji ya baridi huvuruga kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio. Yanatakiwa yawe na joto la mwili, kama nyuzi 37. Nikapumzika, nikayapasha, nikajipima kwenye kifundo cha mkono. Safari hii nikavuta sikio juu na nyuma, nikaelekeza maji ukutani mwa tundu, si moja kwa moja, tena taratibu. Mara ya tatu likadondoka donge la kahawia, kubwa kama punje ya maharagwe. Samahani wenye kinyaa, nililitazama kwa muda mrefu. Halafu nikasikia bomba likidondoka tone, tone.

Rafiki alinishauri mishumaa ya masikio, ile yenye uwazi ndani inayochomekwa sikioni na kuwashwa eti ivute nta. Hapana. Ile nta inayobaki ni ya mshumaa wenyewe, na watu wameungua.

Matone nayapa nyota nne. Moja nimekata kwa ile karatasi. Vijiti vilivyobaki nasafishia kibodi.