Stata mpya ya Beetle: pesa imetoka, ugonjwa umebaki

Nianze na stata yenyewe, mota ya umeme inayowasha injini, kabla hasira hazijapanda, maana nayo ina haki yake. Hii niliyouziwa kwa Volkswagen Beetle ya volti 12 si kimeo. Inazungusha injini kwa nguvu na meno yake yanashika flaiwili, lile gurudumu zito la injini, vizuri. (Flaiwili za volti 12 zina meno 130, za volti 6 zina 109, kwa hiyo hesabu kabla hujalipa.) Ningeipa nyota nne. Shida ni kwamba gari halikuwa likihitaji stata.

Ugonjwa ulikuwa ule ambao kila mwenye Beetle anaujua. Asubuhi inawaka mara moja. Itoe Posta mpaka Mbezi na foleni yake, izime dakika chache, inagoma: "tak!" moja chini huko, basi. Ikipoa inawaka kama haijawahi kuumwa. Fundi umeme alisikia hiyo "tak" akatoa hukumu palepale: "Stata imekufa hiyo, mzee." Mita ya kupimia umeme ilikuwa imening'inia ukutani nyuma yake. Nikamwambia, fundi, si upime kwanza? Akacheka na vijana wake wakacheka: "Bosi, haya magari ya makumbusho. Nunua Vitz upumzike."

Vitz! Kipimo chenyewe hakifiki hata dakika mbili. Gia huru, breki ya mkono juu, mtu azungushe funguo kama wa kuwasha na kuushikilia. Waya mweusi wa mita kwenye bodi ya stata, mwekundu kwenye teminali 50, ile ndogo inayopokea waya mwekundu wenye mstari mweusi. Ukisoma volti 10 na zaidi na solenoidi (sumaku ya umeme iliyo juu ya stata, inayosukuma meno yake) haivuti, ilaumu stata. Ukisoma 7 au 8 wakati betri yenyewe iko vizuri, umeme unaliwa njiani. Na pima gari likiwa la moto, likigoma, siyo kesho yake likiwa limepoa.

Njia yenyewe ndiyo mchawi. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na stata iko huko huko nyuma, lakini umeme wa kuamsha solenoidi unasafirishwa mpaka mbele kwenye dashibodi, unapita swichi ya taa, unapita swichi ya funguo, ndipo unarudi nyuma tena. Waya mwembamba, wa miaka zaidi ya hamsini, na kila kiungo kina kutu yake. Kisha joto linaongeza balaa: ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Solenoidi ikipata joto nyuzi 60 zaidi, ukinzani wake umepanda karibu robo. Volti zimepungua, ukinzani umepanda, nguvu ya kuvuta itoke wapi? Stata mpya ikifungwa kwenye waya uleule, ikishapata moto nayo inasema "tak".

Ndivyo ilivyosema.

Dawa ni relei moja (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya ampea 30 au 40, ya miguu minne, bei yake ni kichekesho ukilinganisha na stata. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Mguu 30 uchukue umeme kutoka kwenye teminali kubwa ya stata kupitia fyuzi ya ampea 30, kwa waya wa milimita 4 za mraba. Mguu 87 uende teminali 50. Ule waya wa zamani wa funguo uhamie mguu 86, na 85 uende ethi, yaani chuma cha bodi ya gari. Sasa waya mwembamba unaamsha relei tu, mzigo wote unabebwa na waya mfupi. Ukifunga relei chini ya kiti, rudisha kifuniko cha betri: chemchemi za kiti zikigusa teminali, moto unaanzia hapo.

Kagua pia mkanda wa ethi unaounga giaboksi na bodi. Ukikatika, umeme unajitafutia njia kwenye kebo ya mafuta au ya klachi, na kebo inachemka. Stata ikizungusha, kati ya hasi ya betri na bodi ya stata usione zaidi ya nusu volti.

Halafu kuna bushi, kijipete ambacho ncha ya mhimili huzungukia ndani yake. Mhimili wa stata hizi unakaa kwenye bushi ndogo ya shaba iliyobaki kwenye nyumba ya giaboksi. Unabadili stata, unabadili bushi, umeiloweka kwenye oili kabla ya kuipiga. Fundi wangu hakuibadilisha! Bushi ikilegea, mhimili unayumba, sehemu za ndani ya stata zinasuguana, stata inakunywa umeme na kujiua. Kwa hiyo zile nyota nne naziondoa, sijui itaishi hadi lini. Au nimwachie muuzaji tatu, kwani yeye aliuza chuma tu, hakufunga yeye. Gereji, sifuri. Eti "vifaa vya umeme havirudishwi", na nilipodai stata ya zamani nikaambiwa "tulishaitupa." Shaba kilo ngapi hiyo, itupwe? Ukienda kwao, itie stata yako ya zamani kwenye buti kabla hujatoa hata shilingi.