Gia za chuma kwenye pikipiki yangu ya rimoti: uzoefu wa miezi miwili

Pikipiki yangu ni ya kipimo cha 1/4, yaani robo ya pikipiki halisi, ile yenye gurudumu zito linalozunguka kasi ndani ya tairi la nyuma ili isianguke. Jumapili moja jioni ilinizimikia Coco Beach: mota inalia, tairi limegoma. Nilipofungua kifuniko nikakuta gia kubwa ya plastiki imelika meno matano mfululizo, na mchanga umeganda kwenye grisi kama sukari kwenye kashata.

Seti ya kwanza niliinunua Kariakoo bila kupima, na pesa yangu ikapotea. Muuzaji alihesabu meno tu: "Kaka, yako 14, hii 14." Kumbe meno nayo yana ukubwa wake, unaoitwa moduli. Pinioni yangu, ile gia ndogo inayokaa kwenye mota, ni moduli 1, na kwa meno 14 kipenyo chake cha nje ni milimita 16. Niliyouziwa ilikuwa moduli 0.8, milimita 12.8. Hizo haziwezi kushikana. Aligoma kuipokea, na mpaka leo roho inaniuma. Ukienda dukani, beba vanieri (kile kipimio cha kupimia kipenyo) na gia yako ya zamani.

Seti ya pili niliagiza mtandaoni: pinioni mbili, za meno 13 na 14, na gia kubwa ya meno 56, zote chuma. Meno yamechongwa safi, tundu la milimita 5 limeingia kwenye shafti bila kucheza. Skrubu ya kubana ilikuja kavu, nikaipaka tone la gundi ya bluu, ile ya kuzuia skrubu isilegee, na kuhakikisha imekalia ule ubapa wa shafti.

Kazi yenyewe iko kwenye nafasi kati ya gia mbili. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya meno, sukuma mota mpaka ikandamize, kaza skrubu za mota, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Itoke na mikunjo, isichanike. Baada ya hapo zungusha gia kubwa taratibu na ujaribu mchezo wake sehemu nne, kwa sababu gia nyingi haziko duara kamili; upange kwa pale panapobana zaidi. Mara ya kwanza nilibana mno, mota ikapiga mluzi mkali na kuchemka. Nililegeza kidogo sana, mluzi ukaisha.

Nilianza na pinioni ya 14. Kasi nzuri, lakini kwa joto la Dar na mchanga ule, baada ya dakika kumi mota ilisoma nyuzi 84. Nikafunga ya 13. Uwiano, yaani meno ya gia kubwa ukigawa kwa ya pinioni, ukatoka 4.0 kwenda 4.31, joto likashuka hadi 66. Kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu Sinza alielewa papo hapo: "Braza, si kama sproketi ya mbele? Ukipunguza jino, inavuta." Yeye ndiye aliyenirekebishia na mnyororo unaozungusha tairi la nyuma, akauacha ulegee kidogo katikati.

Kasi ya mwisho imepungua, ila inachomoka mchangani vizuri kuliko mwanzo. Dosari ninazoziona ni mbili. Chuma kwa chuma kina kelele, na ile plastiki ilikuwa inakubali kufa yenyewe kabla ya kitu kingine. Sasa tairi likikwama, pigo lote linaenda kwenye mnyororo, kwa hiyo naukagua kila nikitoka ufukweni.