Maktaba za kutengeneza QR: uliza kwanza habari ya ukingo mweupe

Msimu wa harusi ukianza, ujumbe ninaopata kutoka kwenu ni ule ule. Kadi zimechapwa vizuri, wageni wamepanga foleni ukumbini, kijana wa mlangoni anageuza simu huku na huku, QR haisomi. Kamati inalaumu simu, mwenye simu analaumu taa, mchapaji anaapa faili lilimfikia hivyo hivyo. Ukiitazama kadi yenyewe, mara nyingi utakuta nyeupe iliyotakiwa kuizunguka QR imekatwa, au maua ya rangi ya sare yamesogezwa hadi yakaigusa.

Kiwango cha kimataifa cha QR, ISO/IEC 18004, kinadai ukingo mtupu wenye upana wa visanduku vinne kila upande, kisanduku kikiwa kile kimraba kimoja, cheusi au cheupe. Si pambo. Simu huitambua ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye pembe za QR kwa mfuatano wa upana wa nyeusi na nyeupe wa 1:1:3:1:1. Kitu cheusi kikiegemea pembe, uwiano unaharibika na simu haijui QR inaanzia wapi. Kwa hiyo maktaba hizi, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari ambavyo mwandishi wa programu huvitumia kutengeneza QR, nazipanga kwa kigezo hicho. Kasi msiniulize, zote zinamaliza kabla hujapepesa jicho.

Ya kwanza ni Segno ya lugha ya programu ya Python, na sifichi mapenzi yangu. Usipoiambia chochote inaweka ukingo wa visanduku vinne, na inauhesabu kwa visanduku, si kwa pikseli (vinukta vya picha), kwa hiyo ukikuza picha ukingo unakua nayo. Haihitaji kifurushi kingine chochote. Inatoa mafaili ya SVG, EPS na PDF, ambayo mchapaji anaweza kuyakuza hadi ukubwa wa bango bila ukungu. Ina mtego mmoja: ukiandika `segno.make("HRS-0147")`, kwa kuwa maneno ni machache itakupa Micro QR, QR ndogo yenye mraba mmoja tu wa kwenye pembe badala ya mitatu, na kamera nyingi za simu haziisomi kabisa. Namba za kadi ndivyo zilivyo, fupi. Andika `segno.make_qr("HRS-0147").save("kadi.svg", scale=10, light="white")` ulale usingizi. Na mbunifu akiomba picha isiyo na mandharinyuma ili "ikae vizuri" juu ya maroon, mkatalie. Ukingo utakuwepo kwenye faili, ila hautaonekana.

Nafasi ya pili nawapa wawili, `qrcode` ya Python na `qrcode` ya npm, ghala la maktaba za JavaScript. Zote mbili zinaanza na visanduku vinne. Ile ya Python inataka Pillow, maktaba nyingine ya Python, kwa picha za kawaida. Ile ya npm ndiyo ya kuchukua kama kazi yako iko kwenye JavaScript.

ZXing ya Java ni ya tatu. Unaipa ukubwa kwa pikseli, na zikibaki pikseli zisizogawanyika sawasawa inaziongeza kwenye nyeupe badala ya kuvipotosha visanduku. Nyeupe ikizidi haidhuru.

Kwenye PHP wengi wanatumia endroid/qr-code. Nzuri, lakini ukingo wake unahesabiwa kwa pikseli: ukiiacha ilivyo ni picha ya pikseli 300 na ukingo wa 10. QR ya visanduku 29 kwa upande ina kisanduku cha pikseli 10 hivi, maana yake umepewa ukingo wa kisanduku kimoja hadi kimoja na nusu kati ya vinne. Pandisha hadi 40 au zaidi.

qrcodejs, maktaba ya JavaScript ya mwandishi anayejiita davidshimjs, ni faili moja jepesi lisilo na ukingo hata kidogo. Izungushie nyeupe mwenyewe kwa CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti.

Sasa tovuti za kulipia. Nyingi zinakuuzia QR "inayobadilika", yaani inapitia kiungo chao kwanza. Ukiacha kulipa dola zao za kila mwezi, kiungo kinaweza kufungwa na mabango yako yote yakafa ukutani. Na hiki ni kitu ambacho Denso Wave ya Japani, alikokibuni Masahiro Hara na wenzake mwaka 1994, waliamua kutodai malipo ya hataza!

Huku kwetu nako wapo wanaotoza zaidi kwa "QR salama", na ukichunguza wamepandisha tu kiwango cha kurekebisha makosa hadi H, kilicho cha juu kabisa. H hurudisha takriban asilimia 30 ya data iliyochafuka ndani ya QR. Haizuii mtu kupiga picha kadi na kumtumia shemeji yake, wala haiwezi kurudisha ukingo uliokatwa. Anayenidai kwa ajili ya programu inayotambua kadi iliyokwisha kutumika, na vijana wa kusimama mlangoni hadi saa tano usiku, namlipa. Anayenidai kwa kila kadi kwa sababu tu ina QR, ananiuzia mstari mmoja wa Python.