TAHADHARI kwa wana Kigoma: hii dawa ya fangasi ya kwenye kopo lisilo na lebo msinunue

Jamani kuna jamaa anazunguka na begi na kaspika, leo soko la Mwanga, kesho kashuka Kibirizi kwa watu wa dagaa, anauza dawa ya kupaka anasema inatibu fangasi, mapunye, mba, chunusi, bawasiri mpaka miguu kuwaka moto, yani kopo moja linatibu ukoo mzima. Halina lebo wala tarehe ya kuisha, ukimuuliza ndani kuna nini anakwambia mizizi ya Kongo. Anaanzia elfu saba, ukimkazia anashuka hadi elfu nne. Kopo lilikuwa jeupe ila juzi kaonekana Ujiji na ya bluu, kwa hiyo msikariri rangi.

Sasa balaa lake ni kwamba usiku wa kwanza tu unaona imefanya kazi. Shemeji yangu mvuvi, nguo mbichi kutwa, fangasi zikamkaa mapajani, akapaka, asubuhi hawashwi na wekundu umekwisha, akawa anampigia jamaa debe bure mwaloni. Baadae ile miduara ikapoteza kingo, ikasambaa kiunoni mpaka makalioni, ngozi ya kwenye nyonga ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara na michirizi myekundu juu yake. Akiacha kupaka siku mbili inawasha kuliko mwanzo, anarudi kununua, na hapo ndo jamaa anapopigia hela.

Daktari alivyomuona tu akasema hizi ni dalili za steroidi kali, jamii ya clobetasol na betamethasone. Steroidi inatuliza muwasho kwa kuilaza kinga ya ngozi, fangasi wenyewe haiwaui, wanabaki wanajitanua bila mpinzani. Na msidhani ni huyu tu, kuna tyubu za dukani kabisa zimechanganya dawa ya fangasi na hizo steroidi, someni majina kabla hamjalipa.

Wazazi sasa, mapunye ya kichwani kwa mtoto hayaishi kwa kupaka peke yake hata dawa iwe halali, fangasi wako ndani ya unywele mpaka kwenye shina, mtoto anatakiwa dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, wiki kadhaa na kwa uzito wake, kwa hiyo ni kituo cha afya sio begi la mtu. Fangasi wa kawaida wa mwilini clotrimazole ya asilimia 1 ipo duka la dawa muhimu, mara mbili kwa siku wiki 2 hadi 4, paka uvuke kidogo ukingo wa doa na usiache eti kwa sababu limefifia. Jifute vizuri nyonga na katikati ya vidole, badili boksa iliyolowa, taulo kila mtu na lake, na kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla haijagusa kichwa cha mwanao, akinuna mwache anune.

Kama ushaanza kuipaka nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi, usilitupe, maana bila kopo hata ukienda kuripoti kwa mfamasia wa wilaya au TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, utabaki unasimulia tu.