Kuhama mtandao na namba yako ileile: tathmini kwa watumiaji wa Nyanda za Juu Kusini

Neno HAMA likitumwa kwenda 15080, namba ya simu inaweza kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kubadilika hata tarakimu moja. Huduma hii ilianza tarehe 1 Machi 2017 chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na haikuletwa kwa ajili ya kumrahisishia mteja tu. Ni dawa ya polepole dhidi ya kampuni kubwa. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliyeandika namba yake kwenye kibao cha duka hathubutu kuiacha, na kampuni inayojua hivyo haina haja ya kumbembeleza. Kwa kupiga na kupokea simu, huduma inatimiza ilichoahidi. Kwenye pesa inamwacha mteja njiani, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwanza hatua zenyewe. Anayekuhamisha ni mtandao unaokwenda, siyo ule unaouacha, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuaga. Nenda duka la huduma la mtandao mpya au kwa wakala wake anayesajili laini, ukiwa na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na laini ya zamani ikiwa bado hewani ndani ya simu. Utajaza fomu, utaweka kidole kwenye mashine, utatuma lile neno kwa kutumia laini ya zamani ili ithibitike kwamba namba ni yako, kisha utapewa laini mpya. Ya zamani huendelea kufanya kazi mpaka itakapokatwa. Ikionyesha haina mtandao, ndipo unaweka mpya, unazima simu na kuiwasha. Wengi hukosea hapa: wanachomoa laini ya zamani mapema na kuitupa, halafu ujumbe wa kusema ombi limekataliwa unakosa wa kuusoma.

Maombi mengi hukwama kwenye jina. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020, si kila mtu alikuwa na namba ya NIDA. Laini zikasajiliwa kwa kidole cha aliyekuwa nayo: mama akatumia ya mwanawe, mchuma chai wa Mufindi akatumia ya msimamizi. Piga *106# kabla hujatoka nyumbani uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayotaka kuihamisha haimo, kwanza badilisha umiliki kwenye mtandao wa zamani, na yule ambaye laini ina jina lake awepo. Deni nalo linaweza kukuzuia, liwe la salio la kukopa au la mkopo wa kwenye simu. Kadhalika laini iliyofungwa baada ya kuripotiwa kuibiwa. Tena, ukishahama huruhusiwi kuhama upya mara moja, kuna muda wa kusubiri. Sharti hilo huwashtua wanaofukuzia ofa za mwezi.

Kabla ya yote hayo, pima mtandao unaokwenda. Kwa Dar es Salaam, tambarare na iliyojaa minara, ushauri huu ungekuwa wa ziada. Huku mlima mmoja unatosha kukutenga na mnara ulio kilomita 3 tu kutoka kwako. Mbeya mjini imeegemea Loleza. Iringa mjini iko juu ya genge na Ipogolo iko chini, na mnara uliolenga watu wa juu unaweza kuwaruka wa bondeni. Nunua laini ya kawaida ya mtandao unaoutamani, itumie wiki moja kwenye nafasi ya pili ya simu yako, na uipime pale unapoishi na unapofanyia kazi, siyo stendi. Ipime saa 2 usiku wakati kila mtu yuko kwenye intaneti, ipime umeme ukiwa umekatika kwa saa kadhaa, maana mnara unaotegemea betri zilizochoka huzimika pamoja na mtaa. Angalia pia alama iliyo juu ya kioo. Ikikaa 4G nje ya nyumba na kushuka 2G ukiingia ndani, huenda masafa ya 4G ya hapo ni ya juu, 1800 au 2600 MHz, ambayo hupenya ukuta na kuzunguka kilima kwa shida kuliko 700 au 800 MHz. Kuhama hakuongezi mnara. Wa Tunduma na Kasumulu wana jambo lao: simu ikiachwa ijichagulie mtandao inaweza kudaka mnara wa Zambia au Malawi na kula salio kwa bei za nje, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uchague mtandao mwenyewe.

Sasa pesa. Namba inahama, lakini akaunti ya pesa iliyofungwa kwenye namba hiyo haihami. Salio la maongezi haliji, vifurushi haviji, pesa iliyo kwenye simu haiji. Kisheria pesa hiyo ni yako na hukaa benki kwenye akaunti ya amana, ila kuidai baada ya laini kufa ni safari ya kwenda duka la huduma na kitambulisho. Kwa hiyo toa kila kitu kabla ya kutuma HAMA, au jitumie kwenye namba nyingine. Ukifika upande wa pili unafungua akaunti mpya yenye namba ileile na historia tupu. Mkulima wa viazi wa Isyonje aliyejenga kiwango cha kukopa kwa miaka mitano anaanza tena na mkopo wa elfu chache. Lipa namba ya duka haihami. Kikundi cha kuweka akiba kinachoendeshwa ndani ya mtandao mmoja hakimfuati mhazini wake; abadilishwe kwanza, tena mbele ya wenzake, ndipo ahame.

Kuna kero nyingine inayotokana na mazoea. Watu wamezoea kusoma mtandao kwenye tarakimu za mwanzo: 075 ni ule, 078 ni huu. Ukihama, mteja wako wa parachichi aliyeko Njombe ataona 075, atachagua mtandao wa zamani, na muamala utakataa. Mwambie achague kwa jina la mtandao na asubiri jina lako litokee kabla ya kuweka namba ya siri. Hata mifumo hukosea hivyohivyo. Anayetuma ujumbe anapaswa kuuliza kwanza kanzidata ya namba zilizohama; mfumo unaokisia kwa tarakimu za mwanzo hupeleka ujumbe kusikokuwa na mtu. Ndiyo maana baada ya kuhama, cha kujaribu mapema ni ujumbe wa uthibitisho wa benki, siyo simu ya shangazi.

Kwa nini basi serikali isivunje tu kampuni kubwa vipandevipande? Marekani ilifanya hivyo kwa kampuni iliyotawala simu zake. Kesi dhidi ya AT&T ilifunguliwa Novemba 1974, makubaliano yakatangazwa Januari 1982, na tarehe 1 Januari 1984 kampuni zake 22 za simu za ndani zikatenganishwa nayo na kupangwa katika makundi 7. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mteja aliyetaka kupiga simu ya mbali kupitia mshindani kama MCI alilazimika kubonyeza mlolongo mrefu wa tarakimu, huku wa AT&T akipiga moja kwa moja. Ilibidi kampuni za ndani zilazimishwe kutoa njia sawa kwa wote ndipo uchaguzi ukawa wa kweli. Na vipande havikutulia: mwaka 2005 SBC, iliyokuwa mojawapo ya yale makundi 7, iliinunua AT&T na kujipa jina lake. Kukata kampuni ni kazi moja, kumfungulia mteja mlango ni nyingine, na ya pili ndiyo anayoiona.

Tanzania nayo iliwahi kukata. Shirika la Posta na Simu liligawanywa kwa sheria za mwaka 1993: Posta ikaenda kwake, TTCL kwake, na usimamizi ukapewa tume. Upendeleo wa TTCL kwenye simu za mezani ulikoma mwaka 2005. Kwa simu za mkononi ilichaguliwa njia ya kubana bei ya njiani, yaani ile ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kupokelewa simu. Mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika. Ikashushwa kila mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Kampuni kubwa hufaidika bei hiyo ikiwa juu, kwa sababu wateja wa ndogo hupiga kwake zaidi. Ilipoporomoka, vifurushi vya mitandao yote vikawezekana, na haja ya kubeba laini tatu ikapungua. Kwa mtumiaji wa kawaida wa Makambako hatua hiyo ilisaidia kuliko HAMA yenyewe, ingawa hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana wanaohama hawajazi foleni. Mwenye simu ya laini mbili ana njia fupi: anabakiza namba ya zamani kwa pesa, ananunua vifurushi kwenye laini ya pili. Ni uamuzi wa busara, na huduma haiwezi kumlaumu. Kuhama kunamfaa hasa mwenye namba inayojulikana na watu wengi, anayetumia zaidi kupiga na intaneti, na ambaye pesa zake zinapita benki. Mitandao tayari inatumiana pesa, na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umeweka barabara moja kwa benki na kampuni za simu, hivyo kukosa mtandao wa wateja wako siyo kifungo tena. Kilichobaki ni gharama za kutuma na kutoa. Ziulize dukani kwa kiasi unachotuma kila wiki, kwa sababu tofauti ndogo kwenye elfu 20 huwa kubwa kwenye laki 5.

Kwa wakala mwenye kibanda, jibu ni fupi zaidi. Laini yako ya uwakala ina mkataba, floti na kamisheni za mtandao husika; usiiguse. Hamisha namba yako binafsi tu, tena siku ambayo si ya gulio.