Kihamba au shamba la tambarare?

Mkulima mdogo wa Kilimanjaro mara nyingi ana ardhi mbili: kihamba mlimani, kinachozunguka nyumba, na shamba la mahindi huko chini tambarare.

Kihambani hakuna msimu wa njaa kamili. Juu kabisa kuna miti kama mruka, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi na mboga. Ng'ombe hufungwa zizini: anakatiwa majani na vigogo vya migomba, naye samadi yake inarudi mashinani. Ndizi hukatwa mwaka mzima, na maziwa yanalipa mahitaji madogo ya nyumbani. Tatizo ni ukubwa. Kila baba akigawia wanawe, kihamba kinabaki kipande cha kujengea tu.

Tambarare kuna nafasi, trekta linapita, na masika yakiwa mazuri magunia yanajaa. Yakikatika Mei mahindi yakichanua, umepoteza mbegu, mbolea na nguvu.

Kwa anayelazimika kuchagua, mimi nasema ashike kihamba kwanza. Wanaong'oa kahawa na migomba ili wapande mahindi mlimani wananiumiza moyo, maana udongo wa miteremko ile unashikiliwa na mizizi hiyo hiyo.