Tyubu za OA4G za akiba ya zamani: nzuri, ila zijaribiwe gizani

Nilinunua tyubu za OA4G, yaani chupa ndogo za kioo zenye gesi zinazotumika kama swichi ya kielektroniki, ambazo hazijawahi kutumika, kutoka kwa muuzaji wa vipuri vya zamani, ili kufufua swichi ya Kimarekani inayoamrishwa kwa ishara za masafa ya juu zinazopita kwenye nyaya za umeme wa nyumba, yaani kazi ileile ambayo tyubu hii ya kathodi baridi ilikusudiwa. Haina waya wa kupashwa moto. Hukaa ikisubiri hadi elektrodi yake ya kuwashia ifikie volti zipatazo 70 hadi 90, ndipo gesi iliyomo inapowaka, yaani inapoanza kupitisha umeme, na kuruhusu mkondo wa anodi (elektrodi chanya), usiozidi wastani wa miliampia 25, kuvuta rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme.

Mezani, chini ya taa, zote ziliwaka bila kusita. Baada ya kufunga kasha, baadhi yake zilianza kuchelewa, na nyingine hazikuitikia kabisa ishara fupi. Hili ndilo tatizo linalowapotosha mafundi wengi, kwa sababu kila wanapofungua kasha ili watafute kosa, kosa lenyewe hutoweka. Gesi haiwezi kuwaka pasipo elektroni chache za kuanzia. Mwanga huzing'oa kwenye kathodi (elektrodi hasi), lakini gizani tyubu hubaki kungoja elektroni itakayojitokeza kwa bahati. Kwa hiyo anayenunua akiba ya namna hii aifunike kila tyubu kwa kitambaa cheusi kabla ya kuikubali.

Hata hivyo, si haki kuilaumu tyubu kabla ya kupima rezista zinazogawa volti za elektrodi ya kuwashia. Rezista za kaboni za enzi hizo huongezeka ukinzani kadiri zinavyozeeka: ya juu, iliyo upande wa chanzo cha umeme, ikiongezeka, volti za kusubiria hupungua na ishara haitoshi kuwasha; ya chini ikiongezeka, tyubu hujiwasha yenyewe. Rezista hizo zipimwe umeme ukiwa umezimwa na ncha moja ikiwa imefunguliwa, kwani mita ya kawaida yenye ukinzani wa megaomu 10, ikipima volti 80 kupitia rezista ya megaomu 10, itaonyesha 40 tu, na fundi atafuata kosa ambalo halipo. Soketi nayo isafishwe kwa spiriti, maana vumbi lenye unyevu huvujisha mkondo mdogo unaotosha kuvuruga kila kitu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo zito zaidi. Saketi hizi zilibuniwa kwa umeme wa Marekani wa volti 117 hivi, ambao kilele chake ni kama volti 165. Umeme wetu wa volti 230 au 240 hufikia kilele cha zaidi ya 320, ilhali anodi ya OA4G imehakikishiwa kustahimili 225 tu bila kuwaka pasipo amri. Ikiunganishwa moja kwa moja, itawaka bila ishara yoyote na kuiunguza rilei. Transfoma ya kushusha umeme ni ya lazima, na iwe yenye koili mbili zilizotengana, kwa kuwa chasi (fremu ya chuma) ya vifaa hivi mara nyingi imeunganishwa na waya wa umeme.

Kwa ubora wa tyubu zenyewe nimeridhika: zilizofaulu gizani zinaivuta rilei kwa uthabiti, na ningezinunua tena, mradi muuzaji akubali kurudishiwa zile zinazochelewa.